Mita 120 za Kusimamisha Lori

Siku ya kwanza na madereva wapya siwapandishi garini. Natoka nao nje ya yadi, tunakwenda kwenye kipande cha barabara ya vumbi kilichonyooka nyuma ya maghala, hapa Mtwara. Mmoja namkabidhi futi kamba, mwingine chokaa. Napiga mstari chini kwa kisigino, kisha nawaambia: hapa ndipo ulipomwona mbuzi. Una lori na tela lake, limejaa, mwendo 80, lami kavu. Haya, kila mtu atembee mpaka pale anapodhani lori litakuwa limesimama kabisa, abaki hapo.

Mwanzoni wanatembea kwa utani. Matingo wanaotaka kuwa madereva ndio wanaosimama mapema, kwenye mita 20 au 25. Waliozoea Fuso za korosho wanasogea hadi 40. Wachache waliokwisha kukaa na semi njia ya Songea wanafika 60, wanageuka na kuwaangalia wenzao kwa huruma. Ndipo tunapoanza kupima. Kamba ni ya mita 30, tunaihamisha mara nne, na kila inapohama tunazidi kuwaacha nyuma hata wale wa semi. Chokaa ya mwisho inamwagwa mbali kiasi kwamba mtu akibaki kwenye mstari wa mwanzo inabidi tumwite kwa sauti kubwa.

"Mzee, hilo lori lako halina breki," kijana mmoja aliniambia, na wenzake wakamuunga mkono.

Linazo, na zinafanya kazi. Tairi ni nzuri, barabara ni kavu, dereva kalala usingizi wa kutosha. Ukilipeleka lori hilo kwenye uwanja wa mpira wa kawaida wenye mita 105, ukakanyaga breki baada ya kuona kitu kwenye mstari wa goli moja, utatokea nyuma ya goli la pili.

Hesabu hii nimeijenga juu ya kitabu wanachosomea madereva wa magari ya biashara Marekani. Kitabu hicho kinagawanya kusimama katika vipande. Kwa mwendo wa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 na nusu, gari linakwenda futi 142 wakati dereva anaona na kuelewa alichokiona. Linakwenda futi nyingine 61 wakati mguu unahama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Breki zikishakamata, linakwenda futi 216. Kwa gari la breki za upepo unaongeza futi 32, kwa sababu upepo nao unachukua muda kufika kwenye magurudumu. Jumla inapita futi 450, mita 137 hivi. Nilizishusha namba hizo hadi mwendo wa 80, kwa sababu ndio ukomo ambao Sheria ya Usalama Barabarani inauweka kwa malori yenye uzito unaozidi kilo 3,500 na kwa magari ya abiria. Nikapata mita 39 za kuona na kuelewa, 17 za kuhamisha mguu, 9 za upepo, na 54 za breki zenyewe. Ni mita 119. Kwenye chokaa tunaandika 120.

Sasa angalia vipande vitatu vya mwanzo. Thelathini na tisa, na kumi na saba, na tisa: sitini na tano. Kwa mita 65 lori linakwenda na mwendo wake uleule wa 80, halijapungua hata kidogo, mzigo wote nyuma. Zaidi ya nusu ya safari ya kusimama inakwisha kabla breki haijakamata. Nawasimamisha vijana kwenye alama ya 65 na kuwaambia wageuke, waangalie walikotoka. Wale waliokuwa wamesimama 25, 40 na 60 wanaona kwamba pale walipodhani lori limekwisha kutulia, kumbe lilikuwa linapita mbio zote.

Habari za breki mafundi wanazijua kuliko mimi. Wanabana, wanabadilisha lainingi, wanaangalia mabomba ya upepo, na dereva mzuri anatoa maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya upepo kila siku na hatoki yadini kama mshale wa upepo haupandi vizuri. Yote hayo yanahusu zile mita 54 na zile 9. Hakuna fundi Mtwara nzima, wala Dar, anayeweza kukupunguzia zile 39 na zile 17. Hizo zipo machoni na mguuni kwa dereva, na ndizo ninazozungumzia siku zote, mpaka wengine wanadhani sina somo jingine.

Kabla sijaingia huko niseme kuhusu mwendo, kwa sababu hapo ndipo ubishi unapokuwa mkali. Kwa hesabu ileile, lori linalokwenda 50 linasimama kwenye mita 60 na kidogo. Linalokwenda 100 linahitaji kama 165. Dereva akisikia hivyo anasema, sawa, ni tofauti ya mita 45, nitakuwa makini. Namwambia aiangalie kwa upande wa pili. Weka malori mawili sambamba, moja 80, jingine 100, madereva wote wawili wameona mbuzi mahali pamoja. Pale ambapo lile la 80 limesimama kabisa, lile la 100 bado linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Sijakosea kuandika. Breki zake zimekamata kwa mita 39 tu, maana mita 80 zote za mwanzo zimeliwa na macho, mguu na upepo. Na anachokipata kwa kukimbia 100 badala ya 80 ni dakika 15 katika kila kilomita 100, kama barabara ingekuwa tupu. Kutoka Mtwara hadi Lindi kuna vijiji, matuta, Mikindani na Mnazi Mmoja. Hizo dakika 15 hazipo.

Turudi kwenye macho.

Dereva anayeona kitu ghafla anahitaji muda wote ule, sekunde moja na robo tatu, kuelewa kwamba kile ni kitu na kwamba kinamhusu. Aliyekwisha kukitarajia hahitaji muda huo. Akiwa ametoa mguu kwenye mafuta na kuuweka juu ya pedali ya breki bila kukanyaga, zile mita 17 nazo karibu zote zimeokoka. Huo ndio ufundi ninaoutaka, na haufundishiki kwa jumla jumla. Unafundishwa kwa kuijua barabara yako na watu wake, kwa majira.

Kwetu kusini majira yana maana. Kiangazi kikikolea, Agosti hadi Oktoba, watu wanachoma mashamba. Moshi unalala barabarani asubuhi kabla upepo haujaanza, na ndani ya moshi huo kuna mtu na baiskeli yake. Dereva anauona moshi kutoka mbali sana. Kosa ni kuuchukulia kwamba ni moshi tu. Mimi nawafundisha wauchukulie ni ukuta wenye mlango mdogo: punguza ukiwa bado unaona, washa taa, wala usisimame ndani yake, maana wa nyuma naye haoni.

Majira hayohayo ndiyo ya jando na unyago. Mavuno yamekwisha, watoto wanatolewa, na ngoma inatoka nyumba moja kwenda nyingine. Ngoma haikai pembeni ya barabara. Inakuja kundi zima, kina mama wakiimba, watoto mbele wakirukaruka, usiku wa manane au alfajiri, na wengine hawajalala toka jana. Ukisikia ngoma kupitia dirishani, au ukiona tu taa nyingi kijijini saa ambayo kijiji kingekuwa gizani, umeshapewa taarifa. Mguu utoke kwenye mafuta hapo hapo. Anayesubiri mpaka awaone watu kwenye taa zake amezichoma mita 39.

Kisha korosho. Kuanzia Oktoba minada inapoanza, kila njia ya vumbi inayotoka kwenye mikorosho inakuwa mlango wa hatari. Baiskeli yenye gunia nyuma haikati kona anavyotaka mwenyewe. Mwendeshaji akitoka kwenye mchanga na kupanda lami anayumba kuelekea kwako, siku zote kuelekea kwako, kwa sababu ukingo wa lami unamsukuma. Fuso zinazosomba kutoka vyama vya msingi zinasimama popote. Na malipo yakishatoka, wiki chache baadaye, barabara inajaa pikipiki mpya, siti bado zina nailoni, na wanaoziendesha wengine wamejifunza juzi. Dereva mwenye macho anaona ile nailoni. Anajua kwamba huyu hana kioo cha pembeni, au anacho na hakitazami, na atageuka kushoto au kulia bila indiketa. Anampa nafasi ya mtu asiyejua.

Mvua za kwanza, Novemba au Desemba, ni hatari kuliko mvua za Februari. Lami imekaa miezi na vumbi, na mafuta yanayodondoka kwenye magari. Maji machache yakishuka juu yake yanatengeneza utelezi, na zile mita 54 za breki zinaweza kuwa mara mbili yake. Madereva wengi wanaogopa mvua kubwa na kudharau manyunyu. Wafanye kinyume, au tuseme waogope yote, lakini manyunyu ya kwanza wayaogope zaidi.

Kuna na vitu visivyo na majira. Kosta au Hiace ikisimama stendi ya kijijini, ukiwa bado mbali angalia chini ya gari uone miguu. Miguu ikihama kuelekea mbele ya gari, kuna mtu atakayetokea kwenye bampa. Mtoto mmoja akivuka mbio, tazama alikotoka, usimtazame anakokwenda. Wa pili yuko huko na anamfuata. Mbuzi wazima wakiwa upande mmoja wa lami na vitoto upande wa pili, usijidanganye kwamba watakaa walipo. Ukipita Tunduru kuelekea Namtumbo, kinyesi kibichi cha tembo kwenye lami ni alama ya barabarani iliyo sahihi kuliko kibao chochote, kwa sababu pale ni njia yao kati ya hifadhi ya Selous na ile ya Niassa, Msumbiji, na tembo mmoja hatembei peke yake mara nyingi. Mnazi Mmoja na Nangurukuru wauzaji wanakimbilia madirisha ya basi na mabeseni kichwani, wakiwa wamekupa mgongo, hawana habari na lori.

Nikiwafundisha haya, wazoefu wanakaa nyuma na kukunja mikono. Barabara hii tunaijua, Mwalimu. Ninawaheshimu, wengine walikuwa wanapita njia hii kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakisubiri pantoni Rufiji siku nzima. Lakini mzoefu ana hatari yake ya peke yake: anaendesha barabara iliyo kichwani mwake. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi na Dar upande wa Kilwa, kipande ambacho mtu angekipita amefumba macho kiligeuka korongo, na baadaye mchepuko wa vumbi. Kila aliyepita huko miezi iliyofuata alitakiwa aione barabara upya. Mzoefu anayeiona upya kila siku ndiye dereva ninayemtaka awe mbele yangu.

Sasa nifike kwenye matawi, jambo linaloniuma kuliko yote.

Lori likiharibika njiani kwetu, utingo anashuka na panga, anakata matawi na kuyapanga kwenye lami kuwaonya wanaokuja. Ni desturi nzuri. Dereva yeyote wa Tanzania, awe wa lori, basi au pikipiki, akiona tawi bichi barabarani anajua. Pembetatu za kuakisi mwanga ndizo zinazotakiwa, na ziwemo garini, lakini zinaibwa, zinavunjika, zinapeperushwa na mabasi. Tawi halina mwizi. Silidharau kabisa. Ninachokipigia kelele ni umbali.

Jioni moja nilikuwa kwenye kiti cha utingo, namsindikiza dereva mwanafunzi kutoka Lindi kuelekea Nangurukuru. Giza lilikuwa limeshaingia, tupo mteremko mdogo wenye kona mbele, na kijana alikuwa ameshusha hadi 50 kwa sababu tulikuwa tunatoka kijijini. Taa zikaangukia kitu cha kijani upande wetu. Tawi moja, majani bado mabichi. Akatoa mguu kwenye mafuta bila kuambiwa. Likaja la pili, likaja la tatu, halafu mkia wa tela, mweusi, bila taa hata moja, umechukua upande wetu wote. Tulisimama vizuri, nafasi ya kutosha ikabaki. Tuliposhuka kuwasalimia na kuona kama tunaweza kusaidia, nikaangaza simu chini ya lile tela. Utingo wao alikuwa amelala pale, katikati ya magurudumu ya nyuma, amejifunika kitenge mpaka kichwani. Fundi alikuwa mbele, kichwa kipo ndani ya injini.

Nilirudi kwa hatua hadi kwenye tawi la kwanza. Mita 40, haizidi.

Taa za chini za gari zinakuonyesha mita 75 hivi mbele. Kwa hiyo tawi la kwanza tuliliona tukiwa mita 75 kabla yake, ongeza hizo 40, tulikuwa na mita 115 kufika kwenye tela. Kwa mwendo wa 50 tulihitaji 60 na kidogo, tukasimama kwa raha. Kwa mwendo wa 80, mwendo halali kabisa nje ya kijiji, tungehitaji 119. Hesabu hiyo niliifanya nimesimama pale pale barabarani, na nilipoimaliza nilimwamsha yule utingo, nikamwomba atoke chini ya gari. Hakufurahi. Alikuwa amechoka sana, kijana wa watu, na pale ndipo palipokuwa na baridi kidogo na hapana mbu wengi, aliniambia. Tukachukua panga lao na letu, tukakata matawi mengine, tukayarudisha nyuma mpaka upande wa pili wa kona, na mengine tukayapeleka mbele kwa wanaotoka Nangurukuru.

Kile kitabu cha Marekani kinasema hivi kuhusu pembetatu: kwenye barabara ya njia mbili, moja iwe mita 3 kutoka kwenye gari, nyingine mita 30 mbele na nyuma, na kama kuna kona au kilima kinachokuficha, ya nyuma irudishwe mpaka aonekane mwenye kuja, hata ikifika mita 150. Kwa barabara zetu zisizo na taa, na tela lililokufa betri, mimi nasema 150 iwe ndiyo kawaida, kona iwepo isiwepo. Utingo ahesabu hatua 200 ndefu kidogo, asichoke, aweke la kwanza huko. La pili kwenye mia, la tatu karibu na gari. Na asilale chini ya gari. Alale pembeni, kwenye majani, mbali na lami, hata kama kuna mbu.

Siku ya pili tulirudi njia ileile. Lori lilikuwa limeshaondoka. Matawi yapo, yamenyauka, na mawe mawili makubwa waliyozuilia magurudumu yapo katikati ya njia, rangi ya lami. Mwenye lori la tani nyingi anaweza kuyapita akasikia mshtuko mdogo tu. Mwenye pikipiki na abiria wawili hatanusurika. Tuliyatoa. Nawaomba wote mnaosoma hapa mkiwa na gari au mkiwa na mtu wenu barabarani: kazi ya kutengeneza gari haijaisha mpaka mawe na matawi yametoka. Dereva asiwashe injini, utingo asipande, mpaka lami iwe safi.

Hizo mita 75 za taa nimezitaja haraka, lakini zinastahili kurudiwa. Taa za chini zinaishia 75, na kwa mwendo wa 80 unahitaji 119. Maana yake, dereva anayetembea 80 usiku kwa taa za chini anakwenda kwa imani. Mwendo ambao taa hizo zinautosheleza haufiki 60. Fulu zinafika mita 100 hadi 150, na zikivuka 120 zinatosha, ila kwenye barabara yenye malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini na ya saruji yanayopanda, huwezi kukaa na fulu dakika mbili bila kukutana na mtu. Kila unapozishusha, ushushe na mwendo. Na kwa kuwa mabasi nayo tangu mwaka 2023 yanaruhusiwa kusafiri usiku, wanaokwenda kwa imani ni wengi na wamebeba watu.

Tuna desturi nyingine ya taa, ya kuwaashiria wenzetu kwamba trafiki yupo mbele na tochi yake ya kupimia mwendo. Sitaijadili. Nasema tu kwamba mkono unaowahi kuwasha taa kwa ajili ya tochi uwahi vilevile kwa ajili ya lori lililolala, ng'ombe wanaovuka, ngoma iliyo njiani. Anayekuja kutoka huko ameshaona. Mita 39 za mwenzake zipo mkononi mwake.

Umbali wa kufuatana nauweka kwa sekunde, kwa sababu hakuna anayepima mita akiwa kwenye usukani. Sekunde moja kwa kila mita 3 za urefu wa gari, na ukipita mwendo wa 65 ongeza moja. Semi ya mita 18 inakupa sekunde 7. Wa mbele akipita nguzo, anza: mia moja na moja, mia moja na mbili. Nguzo ukiifikia kabla ya mia moja na saba, umemkaribia mno. Kwenye mvua ongeza. Watasema, nikiacha nafasi hiyo Hiace inaingia. Iingie. Punguza kidogo, nafasi inarudi, umepoteza sekunde chache. Zikiingia Hiace kumi kutoka Mtama mpaka Masasi bado hujapoteza muda wa kunywa chai.

Mteremko nitasema kidogo tu, maana una somo lake. Kutoka Newala kushuka kwenda Masasi, au mteremko wowote mrefu, gia uichague ukiwa bado kileleni, kabla hujaanza kushuka, na usitie nyutro kwa kuokoa mafuta. Kama mwendo unaofaa ni 40, kanyaga breki vizuri mpaka ushuke karibu 30, achia kabisa, ukirudi 40 kanyaga tena. Ukiukalia mguu juu ya breki muda wote, madramu yanapata moto yanapanuka, lainingi inapoteza ukali, na hizo mita 54 hazipo tena, hakuna umbali wowote ninaoweza kukupimia. Na lori tupu lisikudanganye. Breki na springi zake zimetengenezwa kwa mzigo, likiwa tupu magurudumu yanarukaruka na kujifunga haraka, linaweza kuchukua umbali mrefu kuliko lililojaa. Vijana wengi wanaokimbia ni wale wanaorudi tupu.

Yote haya nimeyaelekeza kwa dereva, na si haki kuishia kwake. Dereva anayelipwa kwa tripu, anayekaa siku mbili kwenye foleni ya kushusha bila posho, akitoka pale anafidia muda wake barabarani. Macho yaliyokesha hayaoni kwa sekunde moja na robo tatu. Nimeanza kuwafuata matajiri wenyewe, mmoja mmoja, na chokaa yangu. Mmoja, ana malori kadhaa yanayokwenda Songea, alikubali kutoka ofisini na kutembea nami zile mita 120 hadi mwisho, juani, na kanzu yake ya Ijumaa. Alisimama kwenye alama ya 65 akaniuliza maswali mazuri kuliko ya madereva wengi. Tangu hapo malori yake hayatoki yadini kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na kila lori lina pembetatu tatu na kamba ya kupimia hatua 200. La kulipa siku za foleni bado hajalikubali, anasema hesabu haimruhusu. Nimemwomba tukae tena baada ya msimu wa korosho, na safari hiyo nitakwenda na madereva wake wawili, wamweleze wenyewe siku ya tatu bila usingizi inavyokuwa.